Picha na Idadi ya Vijiti

Mwaka 1561, katika mji wa Zürich nchini Uswisi, kilitoka kitabu kidogo ambacho huwezi kukikuta katika orodha ya vitabu vya Matengenezo ya Kanisa. Aliyekipiga chapa alikuwa Christoph Froschauer, na jina hilo wasomaji wa historia ya Kanisa wanalikumbuka. Nyumbani mwake, wakati wa Kwaresima ya mwaka 1522, watu walikula soseji mbele ya Ulrich Zwingli, na kutokana na vipande vile vichache vya nyama yakazuka mabishano makubwa juu ya kufunga na juu ya uhuru wa Mkristo. Zwingli mwenyewe hakula, lakini aliwatetea waliokula. Mitambo ya Froschauer ndiyo iliyotoa Biblia nzima ya Zürich mwaka 1531, miaka mitatu kabla Biblia nzima ya Luther haijakamilika. Alikuwa mtu aliyeishi kwa kuamini kwamba kitabu kikimfikia mtu wa kawaida, kwa lugha anayoizungumza jikoni kwake, mambo hayabaki kama yalivyokuwa.

Mtu huyo huyo, akiwa sasa mzee aliyebakiwa na miaka mitatu tu ya kuishi, alikubali kupiga chapa kitabu cha kusuka lesi. Mwandishi wake alikuwa mwanamke. Hakuandika jina lake kamili. Alitia herufi mbili tu, R.M. Alikuwa mwalimu wa kazi hiyo, naye aliwaandikia wanawake na wasichana waliotaka kuifanya.

Kwa nini tulete habari ya lesi katika kitabu cha insha za imani? Tunaileta kwa sababu ya namna kitabu hicho kilivyoandikwa. Ndani yake kuna picha nyingi za lesi zilizochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa, na pamoja nazo mwandishi anataja idadi ya vijiti vinavyohitajika. Maelezo ya hatua kwa hatua hayamo. Hakuna penye kusema shika hiki, pitisha pale, kisha rudi huku. Msichana aliyekifungua kwa mara ya kwanza alipata picha na hesabu, basi. Hata hivyo watu walianza, na lesi zikasukwa.

Tueleze kwanza kazi yenyewe, maana lesi tunayoijua wengi wetu ni ile ya dukani: pembeni mwa kitambaa cha madhabahu, kwenye shela la bibi harusi, kwenye gauni la ubatizo la mtoto. Hiyo hutoka kiwandani, kwa mita. Mama zetu wa vikundi vya wanawake wanajua pia vitambaa vya kufuma kwa kulabu, vile vinavyotandikwa juu ya makochi. Lesi ya vijiti ni kazi nyingine. Haina kulabu wala sindano. Msukaji anakaa na mto mgumu uliojazwa majani makavu na kushindiliwa. Juu ya mto ameweka ngozi au karatasi nene iliyotobolewa vitundu, na kila kitundu ni mahali pa pini. Nyuzi zake hazizunguki ovyo, kwa sababu kila uzi umezungushiwa kijiti kidogo chembamba, cha mbao au cha mfupa, na vijiti hivyo vinaning'inia au kulala mbele yake wawili wawili. Mkono wake haugusi uzi. Anashika vijiti, anavibadilishana nafasi, anachomeka pini, anaendelea. Lesi ndogo inahitaji vijiti vichache. Zile nzuri sana za Flanders zilihitaji mamia.

Mtu akiona msukaji stadi akifanya kazi, vijiti vikigongana na mikono ikienda upesi kuliko jicho, hukata tamaa papo hapo. Husema, hili haliwezekani bila mtu kuniandikia kila kitu. Kumbe siri yake ni ndogo kuliko inavyoonekana, na kila msomaji anaweza kuijaribu leo jioni kwa nyuzi nne na pini moja. Tuzifunge nyuzi nne kwenye pini iliyochomekwa juu ya mto, mbili za rangi moja na mbili za rangi nyingine. Tuhesabu nafasi kutoka kushoto: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Tunachohesabu ni nafasi, wala si uzi wenyewe, maana nyuzi zitahama. Uzi ulio nafasi ya pili tuupitishe juu ya ule wa tatu. Huko ndiko kupitanisha. Kisha uzi ulio nafasi ya pili sasa tuupitishe juu ya ule wa kwanza, na ule wa nne juu ya ule wa tatu. Huko ndiko kusokota. Baada ya hapo hakuna tendo la tatu. Lesi zote za vijiti, tangu utepe wa shati la mkulima hadi ukosi wa mfalme, zimejengwa kwa kupitanisha na kusokota.

Tukirudia hayo mawili kwa zamu, tunapata suko la nyuzi nne, imara na zuri. Tukipitanisha, tukasokota, tukapitanisha tena, jozi moja inapenya ndani ya jozi nyingine kama uzi wa mfumaji nguo, na tukiendelea hivyo kwa jozi nyingi tunapata kitambaa kamili. Tukiongeza pini katikati ya matendo hayo, tunapata tundu, na matundu yakipangwa yanakuwa ua au nyota. Mama wa pwani anayesuka ukili wa mkeka halioni jambo hili kuwa geni. Naye ana matendo machache mikononi mwake, na mkeka wenye nakshi kumi hutoka katika matendo hayo machache. Hakuna aliyemwandikia. Alikaa karibu na bibi yake.

Sasa turudi Zürich. R.M. anaeleza kwamba lesi za namna hii zililetwa katika nchi yake mwaka 1536 na wafanyabiashara kutoka Venice na sehemu nyingine za Italia. Waliziuza kama bidhaa. Hawakuja na mwalimu wala na kitabu. Hata kitabu cha Venice kilichoitwa Le Pompe, kilichotoka mwaka 1557 na kupigwa chapa tena na tena, kilikuwa cha picha, na mtu asiyejua kusuka hangejifunza kusuka kwa kukitazama tu. Lakini R.M. anasema wanawake na wasichana werevu wa mji wake walizitazama lesi zile, wakaziiga, kisha wakabuni nyingine nzuri kuliko zile walizoziiga.

Tukae kidogo kwenye jambo hili, maana wengi hulipita haraka. Kuna mwanamke ana kipande cha utepe mkononi, na hakuna mtu mjini anayeweza kumwambia ulivyosukwa. Kitu pekee alicho nacho ni kazi iliyokwisha. Lakini kazi iliyokwisha ina maneno yake. Mahali suko linapoanzia, nyuzi zinahesabika. Mahali masuko mawili yanapokutana na kuachana, ukilitazama kwa makini utaona uzi upi umepita juu. Kitambaa kikibana upande mmoja na kulegea upande mwingine, hilo nalo linasema jambo juu ya mkono uliokivuta. Anayejua kwamba matendo ni mawili tu anaweza kuufuata uzi nyuma, kutoka mwisho hadi mwanzo, akajifunza kwa kufumua. Kwa kweli kazi hii inamruhusu mtu kufumua. Uzi ulioenda vibaya unarudishwa njia ile ile, pini zinang'olewa, na hakuna kilichoharibika ila muda. Fundi wa kuchonga mbao hana nafasi hiyo.

Wako pia waliosuka bila hata karatasi yenye vitundu. Katika jimbo la Skåne, kusini mwa Sweden, wanawake wa vijijini walidumu kusuka lesi kwa macho tu, wakichomeka pini pembeni pekee ili ukingo usilegee, na nakshi ya katikati ikatoka kichwani. Na kwa kuwa tumeitaja Sweden, tuseme hapa kwamba yako masimulizi ya kidini yanayodai kuwa Mtakatifu Birgitta ndiye aliyewafundisha wanawake wa Vadstena kusuka lesi. Birgitta alifariki mwaka 1373, wakati lesi ya vijiti inaanza kuonekana katika karne ya 16. Ni simulizi tamu, na inaonyesha jinsi watu wanavyopenda kila kazi njema iwe na mwanzilishi mtakatifu mwenye jina. Lakini historia inatupa akina R.M., wenye herufi mbili, na wengine wasio na hata herufi moja. Sisi tunaona hao wanatosha.

Hapa msomaji wa Biblia anaanza kuona jambo analolijua. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 25 hadi 28, Mungu anampa Musa maagizo ya maskani. Tumezoea kuzisoma sura hizo kwa haraka, pengine kwa kuchoka kidogo, kwa sababu zimejaa vipimo. Mapazia ni kumi. Kila pazia ni dhiraa 28 kwa dhiraa 4. Vitanzi ni 50 kwa kila upande. Rangi zinatajwa, kitani safi inatajwa, na makerubi yanayotakiwa kuonekana katika kitambaa yanatajwa. Musa anaambiwa zaidi ya mara moja afanye kwa kufuata mfano aliouona mlimani. Lakini tukitafuta mahali panaposema jinsi ya kumfuma kerubi katika kitani, uzi upi utangulie na upi ufuate, hatupaoni. Musa alipewa picha na hesabu.

Nani basi alifuma? Sura ya 35 inajibu. Wanawake wenye ujuzi walisokota kwa mikono yao na kuleta walichosokota. Bezaleli aliitwa kwa jina na kujazwa Roho kwa ajili ya kazi za mikono, pamoja na mwenzake Oholiabu. Na mstari wa 34 unaongeza jambo ambalo sisi tunaona ndilo kiini chote: Mungu alitia moyoni mwa Bezaleli uwezo wa kufundisha. Pengo lililoachwa katika maagizo halikuwa uzembe wa aliyeagiza. Pengo hilo lilikuwa nafasi ya watu. Mungu alitoa mfano, kisha akatoa mtu wa kukaa karibu na mtu mwingine.

Je, tunasema basi kwamba Kitabu hakitoshi? Washarika wa makanisa ya Matengenezo watatuuliza hivyo, nao wana haki, hasa kwa kuwa tumeanza na Froschauer. Hatusemi hivyo. Biblia aliyoipiga chapa yule mzee iliwafikia watu waliokuwa wamenyimwa, na wakaisoma, na habari ya neema ya Mungu katika Kristo walielewa bila kuhitaji kibali cha mtu. Lakini Biblia hiyo hiyo inasimulia habari ya yule mtumishi mkuu wa Kushi katika Matendo sura ya 8. Alikuwa na kitabu cha Isaya mkononi, tena alikuwa anakisoma kwa sauti garini. Filipo alipomuuliza kama anaelewa, alikiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza, akamkaribisha Filipo apande waketi pamoja. Filipo hakumpa kitabu kingine. Alipanda garini akaketi. Na safari haikusimama ili somo litolewe. Gari lilikuwa linaenda. Yule mtu alikuwa ameshaanza kusoma kabla mwalimu hajafika.

Jambo hilo la mwisho linatugusa katika shirika zetu. Ni mara ngapi mtu ameombwa aongoze ibada ya nyumba kwa nyumba, au achukue darasa la shule ya Jumapili, akajibu kwamba hajapewa semina? Mara nyingi jibu hilo lina haki nusu. Kanisa linalowatupia watu kazi bila kumweka mtu karibu nao linawakosea, na kuliita jambo hilo imani ni kujificha tu. Nusu ya pili ni kwamba wako wanaosubiri mwongozo ambao hautaandikwa kamwe, kwa sababu hauandikiki. Hakuna karatasi itakayosema jinsi ya kukaa na mama aliyefiwa, dakika ngapi unyamaze na neno gani litangulie. Kuna mfano wa Bwana wetu mbele ya kaburi la Lazaro, na kuna yule mzee wa kanisa ambaye unaweza kwenda naye mara ya kwanza na kumtazama anavyofanya. Anayeanza na suko la nyuzi nne ameanza. Wala hakuna aliyewahi kuanza na vijiti mia tatu.

Tukiishia hapa, tutakuwa tumeipamba kazi hii kuliko ilivyokuwa. Elimu inayopita kutoka mkono hadi mkono inaweza pia kuwa kamba ya kumfungia mtu. Tuangalie mji wa Olney, katika Buckinghamshire nchini Uingereza, mji ambao Wakristo wengi wa kwetu wameuimba bila kujua. John Newton, aliyekuwa nahodha wa meli za kubeba watumwa kabla ya kuwa mchungaji, alihudumu huko kama mchungaji tangu mwaka 1764 hadi 1780. Wimbo wake "Amazing Grace" aliuandaa kwa ibada ya mwaka mpya wa 1773, na mwaka 1779 yeye na rafiki yake mshairi William Cowper walitoa nyimbo 348 za Olney katika kitabu kimoja. Tukijiuliza nyimbo hizo zilitungiwa nani, jibu kwa sehemu kubwa ni wasuka lesi. Hao ndio waliojaa katika usharika wa Newton. Walikuwa maskini, na wengi hawakuwa na elimu ya shule, ndiyo maana maneno ya nyimbo zile ni mepesi na yanashikika kichwani mtu akiwa kazini.

Hali yao ilikuwa ngumu. Mwaka 1780 Cowper aliandika barua akieleza kwamba katika mji ule mdogo kulikuwa na wasuka lesi karibu 1,200, na kwamba aliona kwa macho yake mamia yao wakiwa ukingoni mwa kufa njaa. Katika eneo lile lote watoto walipelekwa katika zilizoitwa shule za lesi wakiwa na miaka mitano au sita. Walifundishwa vijiti tangu asubuhi, na wakati mwingine kusoma kidogo. Waliimba nyimbo za kuhesabu pini ili mikono isichelewe. Usiku wasukaji waliketi kuizunguka taa moja ya mshumaa, kila mmoja na chupa ya maji mbele yake ya kukusanya mwanga, wakiharibu macho kwa ajili ya kola ambazo hawangezivaa. Wafanyabiashara ndio waliowauzia uzi na kununua lesi yao, kwa bei waliyoitaka wao. Yule mwanamke wa Zürich aliyebuni nakshi yake mwenyewe na msichana wa Olney aliyehesabu pini chini ya jicho la msimamizi walitumia matendo yale yale mawili. Tofauti yao ilikuwa nani anashika mfano.

Cowper alimwona mmoja wa wanawake hao kwa namna nyingine pia. Katika shairi lake "Truth" la mwaka 1782 anamchora msuka lesi maskini mlangoni pa nyumba yake, na kumlinganisha na Voltaire, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyesifiwa Ulaya nzima. Kwa hukumu ya mshairi, yule mwanamke anayejua tu kwamba Biblia yake ni kweli ndiye aliyekuwa na mali zaidi. Tunaipenda hukumu hiyo, ingawa tunatamani mshairi angeuliza pia katika shairi lile ni nani aliyemlipa kidogo vile. Katika barua yake alikaribia kuuliza.

Miaka 30 hivi baadaye, mwaka 1809, John Heathcoat alipata hataza ya mashine iliyosuka wavu wa lesi, na biashara ya vijiti ikaanza kufa polepole. Lakini kabla haijafa Uingereza ilikuwa imeshapanda meli.

Mwaka 1819 mmisionari Charles Mault wa London Missionary Society alifika Nagercoil, katika ufalme wa Travancore, kusini kabisa mwa India, pamoja na mke wake Martha. Shule ya wasichana ya pale ilikuwa imeanzishwa na Bi Mead, mke wa mmisionari aliyewatangulia, na Martha Mault akaichukua. Travancore wakati huo ilikuwa nchi ya watumwa kwa sheria. Tamko la kuwaweka huru wote lilikuja mwaka 1855. Baadhi ya wasichana waliokuja kwake walikuwa watumwa, mali ya mtu. Mama huyo akawafundisha lesi ya vijiti.

Hapa kazi ile ile iliyowafunga watoto wa Olney ilifanya jambo jingine. Lesi ziliuzwa, nyingi kwa Wazungu waliokuwa India, na fedha iliyopatikana ilisaidia kuendesha shule. Sehemu yake ilitumika kuwanunua wasichana wale kutoka kwa mabwana wao ili wawe huru. Tunaisoma sentensi hiyo mara mbili kila tunapoikuta. Kupitanisha, kusokota, pini. Kupitanisha, kusokota, pini. Na mwishoni mwa utepe kuna mtu aliyetoka utumwani. Hatusemi kwamba wamisionari walifanya kila jambo vizuri, wala kwamba ilikuwa haki binadamu anunuliwe uhuru wake kwa urembo wa nguo za wageni. Lakini msichana aliyekuwa akihesabu jozi zake alijua anahesabu nini.

Wala hakukuwa na kitabu cha kumwongoza. Walioanza walijifunza kwa kukaa karibu na Martha Mault, na waliofuata walijifunza kwa kukaa karibu na walioanza. Mmoja wa watoto waliokulia katikati ya mito na vijiti vile ni binti wa akina Mault, Eliza. Mwaka 1844 aliolewa na Robert Caldwell, ambaye baadaye alikuwa askofu na mtaalamu mkubwa wa lugha za kusini mwa India, akahamia naye Idaiyangudi, kijiji cha mchanga na mitende katika wilaya ya Tirunelveli. Caldwell aliandika vitabu vinavyosomwa hadi leo. Eliza alikusanya wasichana wa kijiji, akawapa mito na uzi, akakaa nao chini, na lesi ikaanza kusukwa Idaiyangudi.